Wanja wa Bi Chamima Wachemshwa Pemba

Pemba, Msumbiji, 6 Machi 2012

Kwa Shangazi yangu Chamima,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako haina siri. Juzi nilipopiga kukuuliza habari ya mgongo, aliyenijibu ni jirani. Najua mtandao mnaupata pale juu ya kichuguu tu, na pale mnasimama watu kumi kwa simu moja. Jambo hili bora alilete Zacarias wa lori, yeye hajui kusoma na hapendi kuulizwa.

Shangazi, nina shida, na dawa yake ni wewe. Hapa chuoni Instituto tunamaliza masomo, na kila mwanafunzi wa kemia lazima atengeneze chumvi moja kwa mkono wake mbele ya mwalimu, kuanzia jiwe mpaka chumvi. Usifikirie chumvi ya mchuzi. Wao huita chumvi kile kinachobaki asidi ikishakula madini. Watakaofaulu vizuri, kumi tu, wataingia kwenye orodha ya kufundishwa kazi ya maabara ya hao watu wa kampuni ya gesi, tena huko huko Palma. Atakayeshindwa anarudia mwaka.

Mwalimu Eusébio alikuwa anasoma orodha ya chumvi tuchague. Alipofika kwenye chumvi ya antimoni akasema tuiruke, antimoni hatuna. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema kwetu Palma ipo, shangazi yangu analo jiwe zima, ndiyo wanja wa manga, limetoka Maka na bibi mzaa bibi yangu. Darasa zima likanigeukia. Hata Faquir wa Bi Rachida, ambaye siku zote ananiona kama kiti, alinitazama.

Kazi yenyewe ni hii. Jiwe linasagwa laini kama unavyosaga wewe, linatiwa asidi kali, linachemshwa polepole. Likitoa harufu ya yai viza ujue ndilo. Maji yakikauka inabaki chumvi nyeupe, laini kama samli iliyoganda, inayonyonya unyevu wa hewa. Ukiidondoshea maji inageuka tui. Nahitaji kipande cha ukubwa wa tende moja.

Nakuomba, Shangazi. Nimeshasema mbele za watu.

Mwanao,
Wahida


Palma, 14 Machi 2012

Wahida binti kaka,

Marahaba. Mgongo haujambo, na jirani anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikaenda kuoga. Wewe niliyekupaka wanja siku ya arobaini yako ukanikojolea mapajani, leo unataka kulichemsha jiwe kama muhogo?

Hebu nikukumbushe, maana Pemba imekusahaulisha. Jiwe hili halitoki ovyo. Linatoka mtoto akitimiza arobaini. Linatoka bi harusi anapotolewa. Linatoka Idi, basi. Haliguswi na mwanamume, halisagwi na mwenye hasira, na kabla ya kufunuliwa linasomewa. Hakuna mtoto wa mtaa huu asiyepita kwenye kidole changu. Watu wananiita kwa jina la jiwe kabla ya jina la baba yangu. Nikilipoteza hilo, nitakuwa bibi mmoja tu mwenye mgongo mbovu.

Na mji wenyewe siku hizi kila kitu kinapimwa. Wageni wa gesi wameipima bahari, wameipima ardhi, wiki iliyopita mmoja alisimama uani kwangu na chombo cha miguu mitatu, anachungulia. Nikamwambia hapo ni pa kuku, chungulia kwenu. Kilichobaki hakijapimwa Palma ni jiwe langu, na sasa wewe ndiye umeleta kipimo.

Lakini ulishasema mbele za watu, na mtoto wa kaka yangu hawezi kuonekana mwongo mbele ya mtoto wa Rachida. Nimekivunja kipande. Kimo kwenye kopo la dawa ya mgongo, kimefungwa kitambaa cheusi. Kipokee kwa heshima na usiniulize swali lolote juu yake.

Shangazi yako,
Chamima


Pemba, 29 Machi 2012

Kwa Shangazi Chamima,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanzia kwenye sufuria.

Jumanne ilikuwa siku ya kujaribu, ile ya kuhesabiwa yenyewe ni tarehe 4 Juni. Nilisaga jiwe lako kama ulivyonifundisha, nikalisomea kabisa, mwalimu akanisubiri. Nikatia asidi. Nikachemsha. Nilikaa nikinusa nusu saa nzima, pua imewaka, harufu ya yai sikuipata. Saa ya kwanza, jiwe lipo. Saa ya pili, jiwe lipo. Saa ya tatu nikaliosha, likatoka limetakata kuliko nilivyoliingiza.

Mwalimu Eusébio akachukua kipande kilichobaki, akakipitisha kwenye karatasi, akaandika jina langu lote kwa mwandiko mzuri. Kisha akasema, "Grafite." Shangazi, ni kile kilichomo ndani ya penseli. Anasema kimejaa kwenye machimbo ya Ancuabe, hata safari ya kutwa haifiki. Hakuna Maka hapo.

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akatoka nje, nafikiri naye alikwenda kuchekea huko. Mwenzangu Agostinho ananiita Bi Penseli. Mimi kicheko nakivumilia. Ninachoshindwa ni kumfikiria bibi mzaa bibi, maskini, aliyedanganywa na mfanyabiashara akabeba penseli baharini akidhani ni wanja wa manga.

Na kuna jambo jingine. Faquir amempigia mama yake simu. Pale kwenye kichuguu.

Nisamehe.
Wahida


Palma, 8 Aprili 2012

Wahida,

Pale kwenye kichuguu! Umesema maneno matatu tu, mimi nimeyaishi siku tisa.

Rachida amehamishia kiti chake barazani, ana kioo mkononi, kila mwanamke apitaye anamwita ajitazame. Anasema miaka yote hii Chamima alikuwa anatuandika tu, hakutupaka. Watoto wa shule wamekuja kuniomba wanja wa kufanyia hesabu. Mmoja alileta na kichongeo. Mke wa Suleimane, yule anayeoza binti yake, amenijia kwa adabu sana, na mtu akikujia kwa adabu sana ujue amekuja kukuacha. Anauliza kama nitachukia wakitumia wanja wa kijaluba wa dukani kwa Rachida. Harusi ni tarehe 28 mwezi huu.

Sasa nisikilize, na ukimaliza kusoma uichome barua hii. Lile si jiwe la bibi. Ni jiwe la Olívia, mfinyanzi wa Diaca, anasugulia vyungu ving'are. Ndugu yake humletea kutoka huko huko Ancuabe. Mwaka juzi nilinunua chungu kwake akanipa kipande cha kusugulia kikififia. Jiwe la bibi halijatoka kwenye sanduku.

Usianze kunipigia kelele. Uliniandikia kwamba utalitia kwenye asidi likaliwe. Nilishika nyundo mara mbili, nikashindwa. Nikajisemea, hao watu wa shule wataona nini, jiwe jeusi ni jiwe jeusi. Sikujua kwamba wana akili kiasi hicho. Nimekuaibisha mbele ya darasa, na hilo linaniuma kuliko maneno ya Rachida, na maneno ya Rachida yananiuma sana.

Basi nimekata shauri. Safari hii nimelivunja kweli, Zacarias anakuletea kipande cha jiwe lenyewe. Lichemshe. Lichemshe mbele ya huyo Eusébio, aandike karatasi kwamba huu ni wanja wa manga wa kweli, aipige muhuri, na muhuri uwe mkubwa. Nimeshamtangazia mke wa Suleimane na mtaa mzima kwamba karatasi itasomwa siku ya harusi, kabla sijamgusa bi harusi. Rachida nimemwalika mimi mwenyewe na kiti chake nimekipanga mbele.

Shangazi yako,
Chamima


Pemba, 19 Aprili 2012

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo unaendelea vizuri. Hapa mvua zimepungua. Agostinho ameumwa jino. Kuku hawajambo? Jirani hajambo?

Shangazi, nakawia makusudi, unaniona.

Nilichemsha jiwe nje, chini ya dirisha la ofisi, kwa sababu feni ya maabara imekufa. Halikukaa hata dakika kumi, yai viza likafumka. Karani alitoka mbio ameziba pua, watu wawili wakaingia darini kutafuta panya aliyeoza. Mimi nikaruka juu kwa furaha, nikamkumbatia Faquir, nikamwachia. Mwalimu Eusébio alinipa mkono.

Kisha chombo kikaanza kupoa. Mle ndani zikaota sindano nyeupe, nyembamba, nyingi. Mwalimu akaacha kutabasamu. Akaniambia nitie maji. Antimoni ingegeuka tui palepale. Haikugeuka. Nikapasha moto, sindano zikayeyuka. Nikapoza, zikarudi. Akanipa chupa ya dawa nyingine nidondoshe tone moja, na pale pakawa manjano, ya dhahabu, inametameta. Ni rangi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na nimeichukia.

Ni risasi, Shangazi. Risasi ile ya chubwi za nyavu. Mwalimu anasema mawe ya namna hii yanauzwa pwani yote kwa jina la wanja wa manga, hata wauzaji wengi hawajui, maana yote mawili ni meusi, mazito, yanang'aa. Lakini risasi ni sumu. Haimwangushi mtu siku moja. Inaingia kidogo kidogo, hasa kwa watoto wachanga, wanaojipangusa macho kisha wanatia kidole mdomoni. Inawadumaza, inawapunguzia damu na akili. Jiwe la Olívia wa Diaca lingekuwa afadhali, lile ni kama makaa tu, halidhuru.

Karatasi ya muhuri nimeitia humu. Imeandikwa kwa Kireno cha kisomi, na inasema kweli. Muhuri ni mkubwa kama ulivyotaka. Nimelifikiria hili siku tatu. Siku ya harusi karatasi itakuwa mkononi mwako wewe, na pale uani hakuna mtu atakayeweza kuisoma na kukubishia. Ukitaka kuwaambia kitu kingine, mimi na Faquir hatutasema. Nimemwapisha. Ila usimpake tena mtoto wa mtu kwa jiwe lile, hata kama utalisifia mbele ya mji mzima.

Jina ni lako, Shangazi. Siwezi kukuamulia.

Wahida


Palma, 2 Mei 2012

Wahida mwanangu,

Nilikuwa nimeamua kusema uongo. Naanza na hilo usije ukanisifu bure.

Siku ya harusi nilivaa kanga mpya, nikaingia na karatasi nimeishika mbele kama tikiti. Uani wamejaa. Rachida kwenye kiti chake cha mbele, amejipaka kijaluba chake mpaka masikioni. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri: wanja wa manga, safi, wa kale, serikali imeshangaa. Nikaikunjua karatasi. Nikakohoa.

Sasa mbele yangu, chini, alikaa dada yake bi harusi na mtoto wa miezi saba. Mtoto yule nilimpaka mimi, arobaini nilimpaka, na wiki hiyo, barua yako ikiwa bado njiani, walimleta nimpake tena kwa ajili ya harusi. Akajipangusa jicho, kidole kikawa cheusi, akakitia mdomoni. Akakinyonya huku ananitazama mimi.

Basi, yale maneno yote yaliyopangwa yakanitoka kichwani. Nikasema, "Jiwe langu ni risasi, ile ya nyavu. Karatasi inasema hivyo, na mwanangu Wahida amesema hivyo. Ni sumu kwa watoto. Mfuteni huyo uso, na msiniletee tena mtoto."

Hata waliokuwa wanakuna nazi jikoni waliacha. Dada yake bi harusi alimfuta mtoto kwa kanga, akamfuta, akamfuta, mpaka mtoto akalia.

Rachida akasimama. Nilijua zamu yake imefika na nilijua imemfikia kwa haki. Akaanza kusema sasa mmeona, njooni kwangu, changu kinatoka dukani na kina kifuniko. Ndipo mke wa Suleimane akamuuliza, na chako kina karatasi? Rachida akakaa.

Wewe ungekuwepo! Wanawake wakaanza kutazamana macho. Kila mmoja akachomoa kijaluba chake, huyu kifuani, huyu kwenye pindo la kanga, wakanirundikia mapajani, wananiambia peleka kwa mtoto wako naye atazame. Bi harusi akatolewa macho matupu, amepakwa nyusi tu kwa jiwe la Olívia, na walisema amependeza, ingawa sina hakika kama waliniambia kwa huruma.

Zacarias anakuletea vifurushi kumi na viwili, nimevipa namba. Cha kumi na tatu nimekikuta asubuhi barazani kwangu, hakina jina, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari la zamani la Faquir. Mimi simtaji mtu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyenibishia hodi kwa ajili ya mtoto. Nilitaka hivyo, ndivyo nilivyosema, lakini nyumba imekuwa kubwa. Nimekuwa nikihesabu watoto. Nimefika mia mbili na kitu nikaacha. Jibu hili moja, wewe uliyesoma: wewe nilikupaka kwa siri kila Ijumaa mpaka ukafika miaka saba, kwa sababu nilikupenda kuliko wengine. Nilikudhuru?

Shangazi yako


Pemba, 16 Mei 2012

Kwa Shangazi Chamima,

Shikamoo. Nakujibu kwanza ulichouliza.

Sijui. Nilimuuliza Mwalimu Eusébio kama kipo kipimo cha damu, akasema Pemba hakipo. Labda ningekuwa na akili zaidi ya hizi, na hapo tungekuwa na kazi kweli, maana hizi nilizo nazo zimekutesa vya kutosha. Shangazi, mimi nakumbuka kidole chako na harufu ya karafuu, na ulivyokuwa unanipuliza macho nisilie. Sina kinyongo hata chembe. Nililia niliposoma barua yako, na Agostinho alidhani nimefeli.

Sasa vifurushi. Darasa zima limefanya kazi, mwalimu amefurahi kama amepewa meli. Saba ni masizi ya taa na mafuta, havina ubaya mkubwa, ila wavitayarishe kwa usafi. Viwili ni jiwe kama la Olívia. Viwili ni risasi, namba tatu na namba tisa, tafadhali waende leo hii wakavitupe mbali na kuku. Namba nne ni rangi ya viatu. Mwambie mwenyewe kwa upole.

Namba kumi na tatu, Shangazi. Nilisaga, nikatia asidi, yai viza likatoka. Nikaogopa kufurahi. Nikapoza, hakukuota sindano. Nikadondosha maji, na pale pale, tui! Jeupe, zito. Mwalimu akapitisha ule mvuke wa yai viza kwenye kilichobaki, kikawa rangi ya chungwa bivu. Hakuna kitu kingine duniani kinachofanya hivyo, anasema. Namba kumi na tatu ndiyo wanja wa manga wa kweli. Hata huo, anasema, si wa macho ya watoto, lakini ndio wenyewe.

Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, kimekwisha kwenye kujaribu. Kwa siku ya tarehe 4 Juni nahitaji ukubwa wa tende. Bila hicho sina chumvi, na bila chumvi sina orodha, narudia mwaka. Faquir hawezi kumwomba mama yake, hajui kama mama yake anajua kwamba tunajua.

Nasita kukuomba. Ninajua nyumba ile hujaikanyaga.

Wahida


Palma, 25 Mei 2012

Wahida,

Jiwe analo Zacarias. Si ukubwa wa tende. Ni lote. Kaa chini nikusimulie.

Nilipita mbele ya nyumba ya Rachida mara nne siku ya kwanza, nikijidai natafuta mbuzi. Mara ya nne akaniuliza kutoka dirishani huyo mbuzi ana rangi gani. Nikaingia.

Hujui kwa nini hatuelewani, ulikuwa hujazaliwa. Zamani mtaa huu wapakaji tulikuwa wawili. Rachida akaja kumpaka bi harusi mmoja, mkono ukamcheza, akamchoma jicho. Yule binti aliolewa analia jicho moja, na mumewe mpaka leo anadhani alilazimishwa. Tangu hapo wote wakaja kwangu. Nami sikuwahi kumtetea, Wahida. Nilikuwepo, niliona ni ajali, nikanyamaza, maana ilinifaa.

Nikamwambia yote, kwamba kifurushi chake ndicho cha kweli, na kwamba wewe unakihitaji. Hakucheka. Hilo lilinitisha kuliko kucheka. Akaingia ndani, akatoka na jiwe kwenye kitambaa, akaniuliza kama nalikumbuka. Nikasema nalikumbuka.

Na hapa nikiri na jingine, nimalize yote. Maka usiitaje tena. Mawe haya mama zetu waliyanunua siku moja kwa mchuuzi mmoja, pale bandarini Mocímboa, tukiwa wasichana. Mchuuzi aliweka mawili mezani. Mama akaniambia, wewe mkubwa, chagua. Mimi nikachagua linalong'aa zaidi. Rachida akachukua lililobaki, akalia njia nzima.

Nilimwambia avunje kipande tu, lingine abaki nalo. Akanisukumia lote. Akasema, "Chukua, Chamima. Nimekaa nalo tangu siku ile na hakuna aliyeniletea mtoto."

Kisha akashughulika na pindo la kanga yake muda mrefu. Akaniambia mjukuu wake wa kike anatimiza arobaini Ijumaa. Amenunua jiwe kwa Olívia, amelisaga mwenyewe, laini. Amejaribu kumpaka kwenye nyusi, mstari haunyooki. Akaniuliza kama naweza kuja.

Mwanangu, nililia kama mtoto, kwenye sebule ya Rachida, mbele ya picha ya Faquir. Nitakwenda. Nimeshaoga tangu leo.

Shangazi yako,
Chamima


Pemba, 6 Juni 2012

Kwa Shangazi Chamima na Bi Rachida, barua moja kwa wote wawili,

Shikamooni. Chumvi imetoka. Juzi, mbele ya mwalimu na wageni wawili waliotumwa na watu wa gesi, jiwe lilinuka yai viza mpaka mgeni mmoja akaomba kiti. Likayeyuka lote. Nikalikausha taratibu, ikabaki chumvi nyeupe kama samli. Nimeiziba ndani ya kichupa cha kioo kwa moto, kwa sababu ikiona hewa yetu ya pwani inalowa. Tone nililobakiza lilipotiwa maji likawa tui, na wageni wakapiga makofi.

Nimepata kumi na saba kwa ishirini. Kwenye orodha mimi ni wa tano na Faquir ni wa tisa, kwa hiyo Bi Rachida, mwanao anarudi nyumbani, jitayarishe kupika.

Kichupa kinabaki hapa kwenye kabati la maabara, na lazima kiwe na kibandiko. Mwalimu Eusébio aliniuliza aandike nini mahali pa jina la mwenye jiwe. Nimemwambia aandike Rachida na Chamima, wa Palma. Shangazi, nimemtanguliza Bi Rachida, na mwalimu ameshapiga muhuri.

Mwana wenu,
Wahida